SIFT ya marubani wa helikopta: usiende kabla hujaiva

SWALI: Shikamooni wahariri. Nina miaka 23, mzaliwa wa Kigoma, sasa ni raia wa Marekani na naishi Ohio. Naomba mafunzo ya urubani wa helikopta katika Jeshi la Nchi Kavu. Mwandikishaji anataka nikafanye SIFT, mtihani wa kuchuja wanaoomba mafunzo hayo, wiki ijayo, anasema nikifeli nitarudia. Hesabu naziweza, ila Kiingereza nasoma taratibu na helikopta sijawahi kuigusa. Niende?

JIBU: Marahaba. Usiende. Omba usogezewe mbele wiki sita hadi nane. Ni kweli anayefeli hurudia, tena mara moja tu maisha yake yote, lakini hatari yako si kufeli. Alama ni 20 hadi 80, na 40 ni kufaulu. Ukishafaulu huruhusiwi kurudia. Ukipata 41 kwa haraka, hiyo hiyo ndiyo bodi ya kuchagua waombaji itakayoiona.

Sehemu ni saba. Mbili za kwanza ni mbio: maswali 100 ya kutambua mchoro ulio tofauti na wenzake kwa dakika 2, kisha maumbo 50 yaliyofichwa kwa dakika 5. Hakuna anayetegemewa kumaliza, na kubahatisha ovyo kunakupunguzia. Umbo lililofichwa halijageuzwa wala kupunguzwa, basi usipoteze muda kulizungusha kichwani.

Inayowaangusha wengi ni ile ya picha 25 kwa dakika 10. Unaonyeshwa nchi kavu na bahari kama rubani anavyoviona, kisha unachagua, kati ya ndege tano zilizochorwa kutoka nje, ile iliyokaa kulingana na picha hiyo. Upeo wa macho ukikaa juu kwenye picha, pua imeinama. Upande ambao mstari wa upeo umepanda ndiko bawa lilikoshuka. Kama huamini, inamisha simu kulia kama nyuzi 30, piga picha paa la jirani, kisha itazame simu ikiwa wima: paa limepanda kulia.

Maswali 40 ya urubani yana dakika 30. Soma kitabu cha helikopta cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kinapatikana bure mtandaoni, na ushike sababu badala ya kukariri. Mfano: rota kuu (mapanga ya juu) ya Black Hawk, helikopta ya jeshi, ukiitazama kutoka juu, huzunguka kinyume cha saa, kwa hiyo mwili wa helikopta unasukumwa upande wa pili, pua kwenda kulia. Ukiinua kolektivu, ule wenzo wa kushoto mwa kiti, mapanga yanaongeza pembe, injini inatia nguvu zaidi na pua inazidi kukimbilia kulia. Ndiyo maana unakanyaga kanyagio la kushoto, kuirudisha. Aliyekariri "kushoto" bila sababu hupotea swali likimuuliza kuhusu kushusha kolektivu.

Hesabu, na mekanika ya gia na kapi, hubadilika kulingana na majibu yako: ukipatia, linalofuata ni gumu zaidi, na kurudi nyuma hakuna. Fanya mazoezi kwa karatasi na kalamu, kikokotoo hakiruhusiwi.

Ufahamu ni maswali 20 kwa dakika 30, dakika moja na nusu kila moja, hivyo kusoma taratibu hakutakuumiza sana. Mtego wake ni mwingine: majibu yote yanaweza kuwa kweli duniani, ila moja tu linatoka ndani ya aya. Kila unapojizoeza, weka kidole kwenye sentensi inayolithibitisha. Usipoiona, hilo si jibu.