Kwa nini msumari haukupanda na mwembe

Ndugu, umeuliza kwa nini msumari uliopigiliwa kwenye mwembe miaka 10 iliyopita ungali usawa wa kifua, ilhali mti umerefuka, na jinsi ya kueleza katika mtihani tofauti ya ukuaji wa mmea na wa mnyama, tangu kiinitete. Mwembe hurefukia kwenye ncha za matawi na mizizi, ambako seli changa huendelea kugawanyika, na shina hunenepa kwa tabaka jembamba lililo chini ya gome (ambalo, nadhani, limekwisha kuumeza msumari nusu). Mtoto wa binadamu, kinyume chake, hukua karibu mwili mzima, kisha hukoma. Kuhusu kiinitete (mmea au mnyama mchanga kabisa, kabla ya kuota au kuzaliwa), pasua haragwe lililolowekwa usiku kucha: utaona kimzizi na majani mawili madogo yaliyokunjamana, wala hakuna dalili ya ua, ilhali kijusi cha binadamu cha wiki 10 tayari kina moyo, ini na vidole. Katika mtihani, anzia kwenye tofauti hiyo: mmea huendelea kuunda viungo vipya, mnyama huviunda mapema.