Kabla ya kulilaumu handaki, pima nje yake

Lango langu la 44Net (mtandao wa wapenzi wa redio, ham, wenye anwani za IP zinazoanza na 44) lilinipotezea jioni tatu. Ping (amri ya kupima kama kompyuta inajibu) kwenda kwa mwenzangu ilijibu bila shida, ssh (ya kuingia kwa mbali) ilifunguka, lakini nikimtumia faili linaganda palepale. Nikaisingizia kompyuta yake, masikini, kumbe haikuwa na kosa.

Pakiti ya kawaida hubeba baiti 1500. Handaki la IPIP, linalofunga pakiti ya 44 ndani ya nyingine ili ipite kwenye intaneti, hula 20, na laini yake ya nyumbani ilikuwa ya PPPoE (namna ya kuunganishwa na mtoa huduma), inayokula 8 zaidi. Zinabaki 1472. Mimi nilikuwa nimeacha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) kwenye 1480, na fayawoli yangu ilizima ICMP (jumbe za taarifa na makosa za mtandao) yote ya nje ya handaki, ukiwemo ule ujumbe wa kuniambia nipunguze. Pakiti ndogo zikapita, kubwa zikapotea kimyakimya. Nilipoandika `ping -M do -s 1452`, inayokataza pakiti kukatwa vipande, sikupata jibu hata moja. Kwa 1444 yakamiminika. (Ni 1480 na 1472 ukitoa 28 za vichwa vya IP na ICMP.) Tukaweka MTU 1472 pande zote mbili, faili likapita.

Kwa hiyo anza na ping hiyo ndipo ushike iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta mbili. Pima kwanza kwa anwani za kawaida za intaneti, kisha kwa anwani za 44, dakika moja kila safari. Kichwa cha handaki hakifiki hata asilimia 2 ya pakiti, basi ukiona kasi imeshuka nusu, fungua `top` kwenye ruta wakati jaribio linaendelea. Ruta ndogo hutoa jasho mapema sana.

Geuza na mwelekeo kwa `-R`, maana laini nyingi za nyumbani hupakua haraka kuliko zinavyopakia. Kama mko mbali, kumbuka kwamba megabiti 10 kwa sekunde zenye safari ya kwenda na kurudi ya milisekunde 200 zinahitaji kilobaiti 250 ziwe njiani kwa mpigo. Jaribu `-P 4`: jumla ikipanda, huenda dirisha la TCP (kiasi cha data kinachoruhusiwa kuwa njiani kabla ya kuthibitishwa) ndilo dogo, laini ni nzima.

Na ukipima kwa UDP, isiyosubiri uthibitisho kama TCP, taja kasi kwa `-b`. Usipotaja, iperf3 hutuma megabiti 1 tu, nawe utaapa kwamba laini imekufa. Nimeshaapa.

Haya yote ni ya upande wa intaneti. Kwenye masafa ya redio ya baudi 1200 mnayogawana na wenzenu, usiiwashe kabisa iperf3. Huko tuma faili dogo na ushike saa.