Mshonaji hana hati ya mshahara: nyumba ataipataje?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni fundi cherehani, nimejiajiri. Serikali imejenga maghorofa ya bei nafuu, nikaenda kuulizia. Wakataka hati za mshahara na malipo ya awali. Isitoshe yako mbali. Nikihamia huko, nauli itakula karibu kodi yote ninayolipa sasa. Nisubiri awamu ya pili?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkadiriaji majenzi, na nimekaa vikao vingi vya kushusha bei ya nyumba. Tunapunguza jiko, tunabadilisha vigae, tunakosana na mchoraji, na mwisho wa siku bei imeshuka kiduchu. Saruji na nondo hazijui huyu tajiri na huyu maskini. Kinachobaki kuchezewa ni kiwanja, basi mradi unapelekwa nje ya mji. Hapo gharama haijaondoka, umebebeshwa wewe kwenye nauli.

Mexico walijenga kwa wingi namna hiyo, mitaa mizima pembezoni kabisa mwa miji. Sensa ya mwaka 2010 ikakuta karibu nyumba milioni 5 nchini hazikaliwi. Si zote zilikuwa za miradi hiyo, lakini nyingi zilikimbiwa kwa sababu kazi, shule na basi vilikuwa mbali.

Viongozi wetu hupenda kutaja Singapore, ambako watu wapatao 8 kati ya 10 wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na serikali. Sawa, lakini wasimalizie hadithi katikati. Mwaka 1966 ilipita sheria iliyoiwezesha serikali kutwaa ardhi kwa fidia ndogo, na kuanzia 1968 mfanyakazi akaruhusiwa kulipia nyumba kwa akiba yake ya lazima inayokatwa kwenye mshahara. Wewe unakatwa wapi? Fedha yako inaingia siku ya sikukuu na kukauka mwezi unaofuata. Benki haijaelewa kipato cha namna hiyo, na awamu ya pili ikija na fomu zilezile, utarudishwa mlangoni vilevile.

Kwa hiyo usikae kusubiri. Thailand, tangu 2003, wana mpango uitwao Baan Mankong: wakazi wa makazi duni wanaunda kikundi, wanaweka akiba kwanza, kisha mkopo wa serikali unapewa ushirika, si mtu mmoja mmoja. Hati ya mshahara haina kazi hapo. Kinachotazamwa ni daftari la akiba la kikundi. Na huko Iquique, Chile, familia zipatazo 100 hazikuondolewa katikati ya mji zilikokuwa zikiishi. Ruzuku ilikuwa dola 7,500 kwa familia, ardhi ghali, basi msanifu Alejandro Aravena na wenzake wakajenga nusu ya nyumba: msingi, ngazi, bafu, jiko, paa. Nusu ya pili kila familia iliijaza taratibu kwa fedha yake. Mimi naipenda mno hiyo kuliko ghorofa lililokamilika huko mbali, maana sehemu ngumu ndiyo iliyobebwa na serikali.

Tafuta mafundi wenzako, fungueni daftari, mjisajili kuwa ushirika wa nyumba. Mkienda ofisi ya ardhi msiombe nyumba. Ombeni kiwanja kilichopimwa, chenye maji na njia ya basi, na hati yake iandikwe kwa jina la ushirika.