Picha ya retina ikiwa na ukungu, tazama jicho kwanza

SWALI: Tunapiga picha za OCT (mashine inayotumia mwangwi wa mwanga kuonyesha matabaka ya retina, utando wa nyuma ya jicho) za macho ya panya wa maabara kuona kama presha ya macho imepunguza unene wa tabaka la nyuzi za neva. Mwanzoni picha ni safi, lakini baada ya nusu saa inajaa ukungu. Kuna programu nzuri ya kuisafisha? — Mwanafunzi, Tudor, Mombasa

JIBU: Programu iache kwanza. Panya aliyelazwa kwa dawa za usingizi, ketamini na zailazini, hapepesi macho: konea, kioo cha mbele ya jicho, inakauka na lenzi inaweza kuingia mtoto wa jicho wa muda, anayeondoka mnyama akizinduka. Mtie jeli ya kulainisha macho mara tu anapolala. Wakati wa kupiga picha ifute, utumie machozi ya bandia, tone jipya kila dakika moja au mbili. Usidanganyike na joto la Mombasa. Chumba cha mashine kina kiyoyozi, na mnyama aliyelala hupoteza joto upesi. Mlaze juu ya kitanda cha joto, mwili ubaki karibu nyuzi 37. Presha ipime kabla usingizi haujakolea, maana dawa hizo huishusha.

Sasa hiyo programu. Tabaka unalopima ni la mikromita makumi machache tu. Kuunganisha fremu kadhaa nzuri za sehemu ile ile ni sawa. Kulainisha picha mbovu ni kuhamisha mipaka ya tabaka, na mashine itachora mstari wake hata pale isipoona kitu. Mwangwi wa mwanga ukiwa dhaifu, tabaka huonekana jembamba kuliko lilivyo. Kwa hiyo ukianza kila siku na jicho lisilo na presha, lile lenye presha likangoja hadi ukungu uingie, umejitengenezea glakoma (ugonjwa wa presha ya macho unaoua neva) ya kompyuta! Badilisha zamu ya macho, tupa picha hafifu, na mwisho hesabu seli za neva zenyewe chini ya hadubini.

Picha za namna hiyo ndizo wauzaji wa matone ya miti shamba wanazozungusha kwenye simu: "imeponya panya". Neva iliyokufa haioti tena, na panya hana ule wavu imara wa kolajeni ambao neva ya binadamu hupitia, kwa hiyo ya panya si lazima yawe ya mtu. Halafu mzee wa watu anaacha timololi yake, matone ya hospitali ya kushusha presha ya macho. Ukionyeshwa picha hizo, uliza panya walikuwa wangapi, kama mpimaji alijua ni jicho lipi lililotiwa dawa, na seli zilihesabiwa lini.