Kuongeza Diski Huku Ofisi Ikiendelea na Kazi

Seva yetu ya faili ilikuwa imejaa asilimia 94, na mhasibu hakutaka kusikia habari za diski. "Mimi nataka tarehe 9 PAYE iwe imeenda. Hayo mengine ni yako." Alimaanisha kodi ya mishahara. Ofisi iko Industrial Area, watu wapatao arobaini, na kazi yao yote imo mle. Nikaamua kubadilisha diski moja moja mchana kweupe, maana trei zenyewe huchomolewa bila kuzima kitu.

Njia hiyo haina ubaya. Haraka ndiyo iliyoniponza.

Tulikuwa na RAID 5, yaani diski sita zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. RAID 5 hustahimili kifo cha diski moja tu. Ukichomoa iliyo nzima ili uweke kubwa, nafasi hiyo umeshaitumia kwa mkono wako. Zile tano zilizobaki husomwa zote, usiku kucha, ili kuijaza mpya. Diski iliyokuwa ikijikongoja kimyakimya huumbuka hapo. Yetu iliumbuka saa tisa usiku. Asubuhi nikakuta taa mbili za rangi ya chungwa na folda hazifunguki. Bakapu ya Ijumaa ilituokoa, ila kazi ya siku mbili ilikwenda na maji. PAYE ilienda kwa wakati. Mhasibu alikesha, na salamu alininyima mwezi mzima.

Siku hizi, wiki moja kabla, nasoma ripoti ya SMART ya kila diski, ile inayoeleza afya yake, na kuuamuru mfumo uzisome zote mwanzo hadi mwisho. Yenye sekta mbovu ndiyo hutangulia kutoka. Kukiwa na trei tupu, naweka diski mpya pale kwanza ili data inakiliwe ya zamani ikiwa bado ndani. ZFS na mdadm, programu za kusimamia diski kama hizi, zinaliweza hilo. Bakapu nayo siiamini mpaka nirudishe folda moja na kuifungua. Tumehamia RAID 6, inayovumilia diski mbili kufa. Na ukienda dukani, kataa diski za SMR, zile ambazo mistari ya data hupandana kama vigae, hata bei ikikuvutia: kuzijaza upya huchukua muda mrefu mno.

Mwambie bosi mapema kwamba nafasi haitaonekana mpaka diski ya mwisho ibadilishwe, maana RAID ya kawaida huzihesabu zote kwa ukubwa wa ile ndogo. La sivyo atakuuliza pesa zake zimeenda wapi.

Kwenye Linux yenye LVM, tabaka la kugawa nafasi ya diski, RAID yenyewe ikishapanuliwa kinachobaki ni amri za dakika chache: pvresize, lvextend, kisha resize2fs kwa mfumo wa faili wa ext4 au xfs_growfs kwa ule wa XFS, watu wakiendelea kuandika. XFS ukishaipanua hairudi nyuma, kwa hiyo usiipe nafasi yote siku moja.

Sigusi kitu karibu na tarehe 9 wala 20, siku ya VAT. Na pesa naanza kuomba seva ikijaa asilimia 70, kwa sababu LPO (hati ya ununuzi) ya kwetu huchukua wiki tatu kusainiwa.