Mnaniuliza mkono wa kushoto, nawajibu wa kulia

Maswali ya safari hii yametoka Iringa, Mbeya, Songwe na Njombe, na mengi yanataka kujua kitu gani kinunuliwe. Hayo nimeyaweka kando, isipokuwa machache yanayonipa nafasi ya kurudia wimbo wangu wa siku zote: sauti ya chelo, kile chombo kikubwa cha nyuzi nne kinachopigwa kwa upinde, inatoka mkono wa kulia, ulioshika upinde.

Shikamoo mwalimu. Nina mwaka mmoja na chelo. Noti zangu ziko sawa, lakini wenzangu wa kwaya wanasema sauti imekauka, haina hisia. Nianze vibrato? (Kihesa, Iringa)

Marahaba. Hapana, usianze. Ukitia vibrato, ule mtikiso wa kidole cha kushoto juu ya uzi, kwenye sauti iliyokauka utapata sauti iliyokauka inayotikisika.

Una vitu vitatu tu vya kuchezea: uzito wa mkono unaotua kwenye uzi, mwendo wa upinde, na mahali upinde unapogusa uzi kati ya daraja (kijibao kinachoinua nyuzi) na ubao wa vidole. Wanaoanza hufikiri wameviacha vyote vitatu sawasawa mwanzo hadi mwisho wa noti, kumbe sivyo. Upinde wenyewe una tabia yake. Karibu na kishikio ni mzito kwa sababu mkono uko juu yake. Kwenye ncha ni mwepesi. Usipoushughulikia, kila unapovuta (kutoka kishikio kwenda ncha) sauti inafifia, na kila unaposukuma (kurudi) inavimba, wimbo utake usitake. Hiyo "hisia" ambayo wengi wenu mnajisifia ni ajali tu ya mti wa upinde.

Fanya hivi. Uzi D mtupu, usiobanwa na kidole, mapigo manne kwa kila upinde, metronomu (kipima mapigo) ikiwa 60 kwa dakika. Wiki ya kwanza lengo ni sauti iliyolala sawa kutoka kishikio hadi ncha: kadiri unavyoelekea nchani, geuza kigasha kidogo kwa ndani ili kidole cha shahada kibebe uzito zaidi. Ukiweza hilo, pindua mambo: vimbisha unapovuta, punguza unaposukuma. Hapo ndipo unaanza kuutawala upinde badala ya wenyewe kukutawala.

Kisha chukua mstari mmoja wa wimbo unaoujua. Uimbe kwanza kwa sauti, umesimama, na uweke alama ya penseli pale sauti yako inapoegemea. Baada ya hapo upige mstari huo kwa uzi mmoja mtupu, mkono wa kushoto umelala pajani, ukibaki na mapigo yake na mawimbi yake tu. Mtu aliye chumba cha pili akishindwa kuhisi mstari unaelekea wapi, bado hujafika kwenye vibrato. Najua zoezi hili linachosha. Wanaoliruka nawatambua wakipiga noti mbili tu.

Kanisani kinanda kinanifunika kabisa. Nikandamize upinde kiasi gani? (Soweto, Mbeya)

Usikandamize hata kidogo. Kuna tofauti kati ya kuweka mkono begani kwa rafiki mnapoongea na kumsukuma bega. Uzi unaujua utofauti huo kama bega linavyoujua. Legeza bega lako, acha kiwiko kining'inie, mkono wenyewe utashuka na uzito wake. Ukitaka sauti kubwa, sogea karibu na daraja na upunguze mwendo. Karibu na daraja uzi unadai uzito zaidi. Ukienda hapo mwepesi na wa haraka, utapiga filimbi.

Ila tuseme ukweli, nusu ya tatizo lako si lako. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unapita palepale zilipo nyuzi zako za C na G. Mwombe kwa heshima asiutumie mkono huo kwenye beti mbili. Akikataa, mwone mwalimu wa kwaya, maana huu ni mpangilio wa muziki, haukuhusu wewe peke yako. Na msikimbilie maiki. Maiki iliyobandikwa kwenye sauti mbovu hukuza ubovu, na spika za makanisa yetu zinajua kukuza.

Sauti inakwaruza, nifanyeje? (wengi, kila mwezi)

Uzi gani? Sehemu gani ya upinde? Unapoanza noti au katikati yake? Anayeleta swali hili bila hayo matatu simjibu tena.

Tuna wimbo wa mapigo matatu: noti ya mapigo mawili, inafuata ya pigo moja, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ile fupi inaruka kwa kishindo. (Tukuyu)

Swali hili nimelisubiri muda mrefu. Piga hesabu. Ukivuta sentimita 50 za upinde kwa mapigo mawili, umetumia 25 kwa kila pigo. Ili urudi ulikoanzia lazima usukume 50 zile zile kwa pigo moja, yaani mwendo maradufu. Mwendo umeongezeka, uzito umebaki vilevile, na noti dhaifu inapiga kelele kuliko noti yenye neno.

Dawa ziko kadhaa. Nyepesi kuliko zote ni kuondoa uzito wakati wa kurudi na kuuacha upinde uteleze kidogo kuelekea ubao wa vidole. Ya pili ni kupiga noti zote mbili kwa mvuto mmoja, ukisimama kitambo kidogo katikati. Kipimo kinachofuata (yaani mapigo matatu mengine) utakipiga kwa msukumo. Ya tatu ni kubana: noti ndefu ipewe upinde wa kiasi, fupi ipewe nusu yake, ukubali kusogea polepole kuelekea nchani, halafu urudi kwenye kishikio waimbaji wanapovuta pumzi. Mimi napenda ya tatu, kwa kuwa inakulazimisha kujua waimbaji wanapumua wapi. Wapiga chelo wengi wa kwaya hawajui, kwa sababu hawajawahi kusoma maneno ya wimbo.

Nanyi mngeyasoma. Kiswahili huegemea silabi ya pili kutoka mwisho, lakini tuni nyingi tunazoimba zilikuja na wamisionari wa Kijerumani na Kiingereza, maneno yetu yakapachikwa baadaye. Mara nyingi pigo la kwanza la kipimo linaangukia silabi dhaifu. Mwimbaji mzuri huilainisha bila hata kufikiri. Mpiga chelo anayesoma noti tu huvuta upinde kwa nguvu zote hapohapo, na neno linavunjika. Kwa hiyo pigia mstari silabi zenye mkazo, upange mivuto yako hapo, hata kama karatasi mliyopakua imechapwa alama tofauti za kuvuta na kusukuma. Aliyeichapa hakuwa akiimba Kiswahili.

Upinde wa kaboni au wa mbao? (Vwawa)

Kwa anayeanza, kaboni: haupindi kwa jua wala baridi, na pesa inayobaki lipia mwalimu.

Rozini imeniishia. Huku Mafinga utomvu wa paini unapatikana. Si ni kitu kilekile? (Mafinga)

Si kilekile, ingawa ni ndugu. Rozini ni kinachobaki baada ya utomvu wa paini kuchemshwa na tapentaini kutolewa. Hapo ndipo inaganda na kuwa ngumu. Utomvu mbichi ukiupaka kwenye singa (nywele za upinde) zitashikana zote na hutaweza kuzisafisha tena. Utaishia kubadilisha singa zote. Na tafadhali, asitokee mtu wa kuuchemsha jikoni kwake. Mvuke wa tapentaini unashika moto, na jiko la mkaa halisamehe.

Ukishapata rozini, tumia kidogo. Kazi yake ni kuzifanya singa ziunase uzi na kuuachia: kwenye uzi A mara 220 kwa sekunde, kwenye C mara 65 hivi. Ndiyo maana uzi mnene unataka upinde wa polepole kuliko ule mwembamba; upe muda wa kunaswa. Rozini ikizidi, sauti inakuwa ya mchanga, na yule wa "inakwaruza, nifanyeje" huenda anasumbuliwa na hili.

Mwanangu ana miaka tisa. Nimepata chelo kubwa kwa bei nzuri. Si atakua nayo? (Gangilonga, Iringa)

Mama, viatu vya shule ndivyo vya kununua vikubwa. Mtoto asiyefika nchani atajifunza kutumia nusu ya upinde na kuvuta bega kila anapovuta noti, na tabia hiyo itabaki hata akiwa mrefu kuliko wewe. Aketi nyayo zote zikiwa sakafuni, avute hadi ncha. Bega likisogea mbele, chombo ni kikubwa. Umri huo wengi wanatosha kwenye chelo ndogo inayoitwa ya nusu.

Babu yangu wa Mpwapwa alipiga zeze. Mwalimu wangu anasema nisahau ile namna. Ni kweli? (Ipogolo, Iringa)

Ushikaji wa upinde, ndiyo, usahau. Mengine usiyasahau hata kidogo, na mwalimu wako namwomba radhi. Mpiga zeze wa Kigogo anaimba huku akipiga, na upinde wake ni mfupi, kwa hiyo anabadili mwelekeo mara nyingi na mabadiliko hayo yanafuata maneno. Hilo ndilo ninalohangaika kuwafundisha watu wenye upinde mrefu na kitabu cha noti. Kama babu yupo hai, mwombe apige, wewe uimbe naye, kisha uutafute mstari uleule kwenye chelo. Mrekodi pia, kabla hamjaanza kujuta.

Nitasafiri na chelo kwa basi kutoka Dar. Buti inafaa? (Uyole, Mbeya)

Haifai. Ruaha Mbuyuni kuna joto la kulegeza gundi ya chombo, mkishapanda Kitonga baridi inakipokea. Lipia kiti cha pili, legeza upinde kabla ya kuondoka.

Kuanzia Juni singa zinakazika zenyewe, na vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza usiku. Chelo imeharibika? (Makete)

Haijaharibika, hewa imekauka. Singa hujikunyata kwenye ukavu, kwa hiyo ukiuacha upinde umekazwa, mti wake ndio unaoumia; ulegeze kila unapomaliza, hata kama utarudi baada ya chai. Vigingi navyo vimesinyaa. Visukume kwa ndani huku ukivizungusha, na usiviguse kwa gundi ya aina yoyote. Weka kitambaa chenye unyevu ndani ya sanduku, kisiguse mbao. Nyuzi zote zikilegea kwa pamoja na kile kijiti cha ndani, kinachosimama kati ya mbao za mbele na za nyuma, kikaanguka, usizikaze tena mpaka fundi akirudishe mahali pake. Kabla ya kumwachia, muulize fundi huyo kama amewahi kukisimamisha kimoja.