Fundi Anajibu: Betri ya pili kwenye gari la matangazo

SWALI

Fundi, shikamoo. Nina Noah ninayofanyia kazi ya matangazo hapa Mwanza. Leo duka jipya Buhongwa, kesho mnada, keshokutwa msiba. Juu nimefunga spika mbili za honi, nyuma nina sabufa moja, na amplifaya ziko mbili. Shida yangu ni ninapoegesha. Juzi nilisimama Mwaloni Kirumba kuanzia saa nne asubuhi, nikazima injini ili kuokoa mafuta, nikapiga matangazo mpaka saa sita. Nilipotaka kuondoka gari likagoma kuwaka, vijana wanaobeba dagaa wakanisukuma. Ni mara ya tatu mwezi huu. Rafiki yangu ananishauri ninunue betri nyingine, niiweke nyuma, niiunganishe na ya mbele chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, basi. Anasema hata muziki utaongezeka nguvu. Je, ni kweli?
— Msomaji, Buhongwa

JIBU

Marahaba. Rafiki yako amesema mawili. La kwanza, kwamba betri ya pili itakusaidia ukiegesha, lina ukweli. La pili, kwamba muziki utaongezeka nguvu, si kweli. Lakini kuna jambo la tatu ambalo hakulitaja kabisa, nalo ndilo lililonifanya nikujibu kwa kirefu. Nitafika.

Kwanza tuelewane umeme wa gari unatoka wapi. Sisi wa Mwanza, hasa tunaokaa milimani, simtanki tunaijua vizuri. Ukiweka simtanki ya pili uani, bomba la mtaani halianzi kutoa maji mengi kuliko jana. Umepata akiba tu, na hiyo akiba lazima ijazwe na bomba lile lile. Kwenye gari bomba ni altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini ikazalisha umeme, na betri ni simtanki. Injini ikiwaka, altaneta inatoa kati ya volti 13.8 na 14.4, na hiyo ndiyo inayolisha taa, feni, pampu ya mafuta, amplifaya, na kuchaji betri juu yake. Soma kibandiko cha altaneta yako uone ni ya ampea ngapi. Hata ikiwa ya 80, kumbuka gari lenyewe linakula sehemu kubwa, na injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta altaneta haifiki namba hiyo. Kwa hiyo kama muziki wako unafifia gari likiwa linatembea, betri ya pili si dawa. Pima altaneta, kaza mkanda wake, safisha vichwa vya betri.

Sasa Mwaloni. Gari la namna yako nimewahi kulipima kwa mita ya kukumbatia waya, matangazo yakichanganyika na muziki. Namba zilicheza kati ya ampea 20 na 40. Tuseme 30. Betri ya AH 60, yaani inayoweza kutoa ampea 60 kwa saa moja kwa hesabu ya karatasi, ukiinyonya ampea 30 kwa saa mbili, hesabu ya haraka inasema imekwisha. Ukweli ni kwamba inakwisha kabla, maana ile AH iliyoandikwa ubavuni kwa betri nyingi hupimwa ikinyonywa taratibu kwa saa 20, yaani ampea 3 tu. Ukiinyonya kwa kasi inatoa pungufu. Basi betri yako haina ubovu wa ajabu, umeipa kazi isiyo yake.

Nasema isiyo yake kwa sababu betri ya kuwashia gari imeundwa kwa bamba nyembamba nyingi, ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache za stata kisha ijazwe papo hapo. Kila ukiikausha hadi mwisho, bamba zinachakaa na haitarudi kama ilivyokuwa. Umeshaikausha mara tatu mwezi huu. Kabla hujanunua chochote, ichaji ijae, iache ikae usiku mzima bila kuguswa, asubuhi pima volti zake. Ikisoma 12.6 au zaidi kidogo, ina uhai, ingawa ukipiga stata ikaporomoka chini ya 10, hiyo nayo imechoka. Ikisoma 12.2 baada ya kuchajiwa vizuri, anza kwa kuibadilisha hiyo.

Betri ya pili unayoitaka ni ya bamba nene, ile inayovumilia kunyonywa na kujazwa kila siku. Watu huziita za sola. Chukua iliyofungwa kabisa, aina ya AGM, kwa sababu itakaa ndani pamoja na wewe. Betri ya maji ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Sitaki iwe nyuma ya kiti cha mtu. Na ifungwe kwa chuma na bolti. Betri ya AH 100 ina kama kilo 30, na gari likigonga, kilo 30 hizo zinaruka mbele na kukupiga mgongoni.

Hata hiyo AH 100 usiitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu. Kwa ampea 30 ni saa moja na nusu hivi. Saa zako mbili hazitimii! Ndiyo maana nakuomba ufanye kitu kisichogharimu hata shilingi: ukiegesha, zima sabufa. Besi ndiyo inayokula umeme, wakati maneno ya tangazo yanabebwa na zile honi za juu. Mama anayeanika dagaa kule mwisho hasikii besi yako, anasikia bei ya sukari. Kama amplifaya ya sabufa ni ya zamani, zile zinazokuwa moto kama pasi, karibu nusu ya umeme inapotea kuwa joto. Za siku hizi za daraja D zinapoteza kama sehemu moja ya tano.

Tuje kwenye kuunganisha. Ukifunga betri mbili moja kwa moja kama rafiki yako alivyosema, zinakuwa betri moja kubwa. Zitanyonywa pamoja na kufa pamoja, na wale vijana watakusukuma tena. Iliyochoka itakuwa inaivuta nzima usiku kucha. Katikati lazima pawe na relei, yaani swichi inayowashwa na kuzimwa na umeme wenyewe, ya kuzitenganisha. Zipo zinazohisi volti zenyewe: altaneta ikipandisha umeme hadi kama 13.3 zinaunga, ukizima injini volti ikashuka hadi kama 12.8 zinaachia. Hapo amplifaya zinakula ya nyuma peke yake, na ya mbele inabaki imelindwa kwa ajili ya stata. Nunua ya ampea 100 na kuendelea. Ile relei ndogo ya honi au ya taa usidanganyike nayo, itaungua vidole vyake wiki ya kwanza. Msomaji mwenye gari la karibuni ambalo kompyuta yake inapunguza chaji ya altaneta makusudi, hiyo relei haitamfaa. Atafute chaja maalumu ya kutoka betri hadi betri.

Na sasa lile ambalo rafiki yako hakulitaja. Fyuzi.

Mwaka 2008 nilikuwa bado najifunza kazi, gereji moja maeneo ya Mabatini. Aliletwa mteja mwenye pikapu, akataka muziki wa nguvu. Waya mnene ukavutwa kutoka betri ya mbele hadi nyuma, ukapitishwa kwenye tundu la bati kati ya injini na dashibodi. Tundu halikuwekewa raba, na waya haukuwekewa fyuzi. Niliuliza kuhusu fyuzi, nikaambiwa amplifaya ina zake. Ni kweli ina zake, lakini zile zinailinda amplifaya. Waya wa mita tano kabla ya kufika hapo hauna mlinzi. Miezi michache ikapita, ncha ya bati ikawa inausugua waya kila gari likitikisika, mpaka shaba ikagusa bodi. Alikuwa Barabara ya Nyerere na mtoto wake pembeni. Alipoona moshi alizima ufunguo, na moshi ukaendelea, kwa sababu waya ule haupitii ufunguo. Unatoka betri moja kwa moja. Ulikuwa umekuwa mwekundu kama nondo kwa mhunzi, zulia limeshika moto. Walitoka wote wawili wazima, wapita njia wakazima kwa mchanga, dashibodi ikaisha. Nilienda kulivuta gari lile, na harufu yake ninaikumbuka hadi leo. Fyuzi moja ingekata kabla hajaona hata moshi.

Wewe utakuwa na betri mbili, maana yake waya wa katikati una moto pande zote mbili. Ukikatika au kugusa bodi, ukichomoa ya mbele, ya nyuma bado inaulisha. Kwa hiyo weka fyuzi karibu na kichwa chanya cha betri ya mbele, isizidi sentimita 45 kutoka hapo, na nyingine karibu na ya nyuma vivyo hivyo. Kisha nyingine tena kwenye waya unaotoka betri ya nyuma kwenda amplifaya. Fyuzi ichaguliwe kwa unene wa waya. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 35, ampea 150 inatosha. Kila tundu la bati liwe na raba. Gari likifika kwangu bila hizo fyuzi, siliungi, hata mteja aahidi kuziweka kesho.

Kuhusu waya wenyewe, madukani kuna unaong'aa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa. Kwangua kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Shaba halisi ya milimita za mraba 16, kwa mita 5 na ampea 100, inapoteza zaidi ya nusu volti njiani. Ya 35 inapoteza robo. Hiyo ya alumini inapoteza zaidi kwa unene ule ule. Kebo ya kulehemu ni shaba, inakunjika vizuri, na mimi naitumia sana. Waya wa hasi nao uwe mnene vilevile, ufungwe kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi mpaka king'ae, kisha upake grisi. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, lakini unyevu wa pale Mwaloni unakula chuma, nimeshauona.

Mwisho ni kujaza, na hapa wengi wanakwama. Safari ya nusu saa kutoka Kirumba hadi Igoma haiwezi kurudisha ulichonyonya asubuhi. Betri kama hizi, zenye bamba za madini ya risasi, hupokea haraka zikiwa tupu, lakini ile sehemu ya tano ya mwisho inataka saa kadhaa, hata ukikanyaga mafuta namna gani. Ikiishi nusu nusu kila siku, bamba zinaganda na betri inakufa kabla ya mwaka. Wavuvi wa dagaa waliohama kutoka karabai kwenda taa za betri wanalijua hili. Usiku wa giza wanafanya kazi, mchana betri zinachajiwa, na hawaingii ziwani na betri ya jana. Fanya kama wao. Nunua chaja, na gari likilala nyumbani ichomeke kwenye umeme hadi asubuhi. Weka na kimita kidogo cha volti kwenye dashibodi, kinachosoma betri ya nyuma. Kikishuka hadi 12.0 spika zikiwa zinapiga, zima au washa injini.

SWALI

Fundi, mimi nimeuziwa kapasita ya faradi 1 nikaambiwa inafanya kazi ya betri ya pili kwa bei nafuu. Taa zangu bado zinafifia besi ikipiga. Nimekosea wapi kuifunga?
— Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU

Hukukosea kuifunga. Kapasita ni kifaa kinachotunza umeme kidogo na kuutoa kwa mpigo. Hiyo yako, ikishuka kutoka volti 14.4 hadi 12, inatoa nishati ya jouli 32 hivi. Amplifaya inayovuta wati 1,250 inazimaliza kwa sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Pigo moja la ngoma ni refu kuliko hapo. Taa zinafifia kwa sababu ya altaneta au waya, na mara nyingi zaidi ni ule waya wa hasi. Anza na huo. Ukiamua kuitoa kapasita, chomoa kwanza waya wa chanya unaoilisha, kisha igusishe balbu ya taa ya breki kwenye vichwa vyake viwili, usubiri balbu izime kabisa, ndipo uishike.